Mzee Chumvi Abisha Hodi Mtandaoni

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Chumvi alisoma mita za maji, na katika miaka hiyo yote hakuna mbwa aliyemuuma isipokuwa mmoja. Huyo mmoja, kwa maelezo ya mzee mwenyewe, aling'oka meno matatu na siku ya pili akaja kuomba radhi. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwuliza saa, anakupa saa na kisa cha saa. Jina la Chumvi alibandikwa na wenzake wa idara ya maji, na lile alilozaliwa nalo likabaki kwenye kitambulisho, halina kazi.

Alipostaafu, miguu ilikataa kustaafu naye. Ilikuwa imezoea mageti. Basi akajiunga na karakana moja ya hisani, chumba kirefu cha mabati nyuma ya duka la mbao, ambako viti vya magurudumu vilivyovunjika vilitengenezwa upya na kupewa wasioweza kutembea, bure. Karakana haikuuza hata nati. Iliishi kwa michango ya watu, na mchangishaji wake akawa yeye.

Alikuwa na daftari la milango mia mbili na kumi na miwili. Hakuandika majina, aliandika milango: "Geti la kijani, mbwa mzee." "Ghorofa ya kwanza, mama mwenye kikohozi." "Mlango wa bati, usigonge, piga mluzi." Na alikuwa na kanuni. Ziara ya kwanza huombi. Ya pili huombi. Ya tatu unasimulia kisa, mwenye mlango anacheka mpaka anashika ukuta, na ule mkono ukitoka ukutani unapitia mfukoni wenyewe. Visa vile hakuna aliyeviamini, hata watoto. Chumvi alipoanza kudanganya, jicho lake la kushoto lilijifumba nusu kama dirisha la duka saa ya kufunga, na kila aliyemwona alijua kwamba mzee sasa ameanza. Watu walikuwa wanalilipia lile jicho.

Tatizo ni kwamba milango ilianza kuhama. Nyumba za mageti zilibomolewa, yakaota maghorofa yenye walinzi na vitufe. Ukibonyeza kitufe, ukuta unakuuliza: "Nani?" Sasa ukuta utausimulia nini? Milango ya daftarini ikapungua mpaka ikabaki arobaini, na kati ya hiyo mitano ilikuwa ya ndugu zake.

Mambo yalifika kikaoni. Kamati yenyewe ilikuwa watu watatu walioketi juu ya viti vya magurudumu visivyo na magurudumu. Wa kwanza ni Chumvi. Wa pili ni Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hata akiomba chai huomba kama anasimamia mtihani. Wa tatu ni Fundi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye makovu madogo ya cheche mikononi. Fundi ndiye karakana. Hakuna mwingine aliyejua kuchomelea, kunyoosha fremu wala kufunga breki.

"Kampuni ya mageti na madirisha wameniandikia," Fundi alisema, akifuta vidole kwa tambara. "Wana kazi. Mshahara kila mwezi, mwezi wenye siku thelathini kama wa watu wengine."

"Unaenda?" Mwenyekiti akauliza.

"Sijasema naenda. Nimesema wameniandikia. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao."

"Na ukienda?"

Fundi akaonyesha juu kwa kidevu. Darini zilining'inia fremu kumi na tisa, zimechomelewa, zimepakwa rangi, hazina magurudumu. "Nikienda, hizo zitaendelea kukaa hapo. Labda ndege watajenga."

Mwenyekiti akakohoa kile kikohozi cha darasani. "Basi tuingie mtandaoni. Wenzetu wote wenye vyama vya hisani wako huko. Wale wa paka wako huko."

"Paka wana chama?" Chumvi akauliza.

"Wana chama, wana ukurasa, na wana wafuasi elfu sitini."

Chumvi akalifunga daftari. Elfu sitini. Paka. Katika miaka thelathini na mmoja alikuwa amegonga milango mingi, lakini hakuwahi kuona mtaa wenye milango elfu sitini, achilia mbali mtaa uliofunguliwa na paka. Kitu kikaanza kumwasha kichwani.

"Huko mtandaoni," akauliza, "mtu anabisha hodi wapi?"

Hakuna aliyejua. Kwa hiyo wakamchagua yeye.

Alifika nyumbani akamkuta mkewe mezani, amezungukwa na nguo za kutiwa viraka, simu yake imeegemezwa kwenye kikombe.

"Mke wangu, wewe unajua lolote kuhusu huu mtandao?"

"Kidogo," mkewe akasema bila kuinua macho.

Hiyo kidogo ilikuwa na wafuasi elfu tatu. Kwa miaka minne mama huyu, kwa jina la Sindano Butu, alikuwa akiwafundisha watu wasiomjua namna ya kufufua zipu iliyokufa na kuziba tundu la kiwiko lisionekane. Chumvi alizipekua zile video moja baada ya nyingine mpaka chai ikapoa. Katika moja alijiona mwenyewe kwa nyuma, amelala kwenye kochi, soksi ina tundu. Chini yake watu mia mbili walikuwa wameandika maoni kuhusu soksi.

"Miaka minne," akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unasimulia."

Chumvi akasogeza kiti. Darasa likaanza siku hiyo hiyo. Picha ya kwanza ya ukurasa wa karakana ilikuwa ya kidole gumba cha mpigaji. Ya pili ilikuwa ya Fundi anachomelea, kofia ya chuma usoni, cheche zinaruka kama punje zinazopepetwa, na hiyo mkewe akaipitisha. Wakaupa ukurasa jina la Karakana ya Viti. Kufika saa kumi jioni picha ilikuwa na laiki sita.

"Ni akina nani hawa?" Chumvi akauliza.

"Watu."

"Watu gani? Huyu anayejiita Mpole Lakini Usinijaribu, anakaa wapi? Ana watoto? Kwa nini ametupa laiki sisi wakati hatujaonana?"

"Mume wangu, laiki ni mtu anapita njiani, anakupungia mkono, anaendelea na safari."

"Na ukipungiwa mkono na wewe ukanyamaza, si unaitwa huna adabu?"

Mkewe akamsogezea simu. Basi Chumvi akamwandikia kila mmoja kwa zamu, kwa kidole kimoja, kama mtu anayeponda mchwa: "Hodi. Asante kwa laiki yako. Habari za nyumbani? Maji yanatoka?"

Watano hawakujibu. Wa sita, yule Mpole, aliandika: "Wewe ni nani na umejuaje kwamba maji hayatoki?"

Wakaongea wiki nzima kuhusu vali ya tangi.

Hivyo ndivyo Chumvi alivyoingia mtandaoni, na alivyoingia hakutaka kutoka. Alifungua daftari jipya akaanza kuuchora mtandao kwa mitaa. Kulikuwa na mtaa wa wapishi, ambako kila mtu anakatakata na hakuna anayeshiba. Kulikuwa na mtaa wa waliooana juzi. Kulikuwa na mtaa wa wagomvi, mrefu kuliko yote, ambako mtu anaweza kutukanwa kuhusu mpira, akatukanwa tena kuhusu mama yake, kisha akatakiwa siku njema. Aliutembelea hata ukurasa wa paka, akawaachia salamu. Kila alipokwenda alibisha hodi, akauliza hali, akaaga. Milango ilikuwa wazi kutwa, haina walinzi, na alishangaa kama mtu aliyeambiwa mto unapita chini ya kitanda chake miaka yote.

Wiki ya tano Mwenyekiti alikuja karakana na kalamu nyekundu mfukoni.

"Wafuasi mia tano na themanini. Vizuri. Mchango?"

"Bado."

"Umeomba?"

"Mzee mwenzangu, huombi ziara ya kwanza. Ndiyo kwanza tunajuana."

"Bwana, Fundi anajibu barua yake baada ya siku kumi na tatu. Wewe unajuana mpaka lini?"

Fundi alikuwa mwisho wa chumba, anapiga ekseli nyundo. Nyundo ilisimama kidogo, kisha ikaendelea, na Chumvi akajua kwamba amesikia. Akaamua kwamba ziara mbili zimetosha. Sasa ni kisa.

Alikiandika Jumamosi asubuhi, ameuma ulimi, akaweka na picha. Kila kiti cha karakana kilipigwa chapa ya namba kwenye fremu, na alichokichagua, kwa sababu ndicho alichokuwa na picha yake nzuri, kilikuwa namba arobaini na moja.

"Jumanne iliyopita," aliandika, "kiti chetu namba arobaini na moja kiliachwa mlangoni kimsubiri mwenyewe. Kikachoka kusubiri. Breki zikakatika kwa furaha, kikashuka mteremko, kikalipita basi upande wa kulia. Dereva akakipigia honi, nacho kikampungia mkono. Askari wa barabarani akakisimamisha, akakidai leseni. Kilifika nyumbani kwa mwenyewe kabla sisi hatujafunga mlango, na majirani wanasema kilibisha hodi. Wapenzi, saidieni karakana inayotengeneza viti vya namna hii."

Jumapili mchana laiki zilikuwa mia nne. Jumatatu zilikuwa elfu kumi na moja, na Chumvi alitembea mtaani kama mtu aliyevaa viatu vipya. Elfu kumi na moja. Hata paka siku zingine hawafiki.

Kisha akaanza kusoma yaliyoandikwa chini. Mtu mmoja aliuliza kiti kina injini ya aina gani. Wa pili alitaka kununua viwili, kimoja cha baba mkwe. Wa tatu akasema viti visivyo na breki ni hatari na serikali iko wapi. Wa nne, aliyejiita Nyuki Mstaarabu, aliandika kwa utulivu wa kutisha: "Nimetafuta habari ya kiti hiki popote, sikuipata. Basi namba gani? Askari gani? Naona hapa uongo, na chini ya uongo naona maombi ya michango. Wenye akili wameelewa." Wenye akili walikuwa elfu mbili, na wote walimpa laiki Nyuki.

Jumanne, saa tano asubuhi, mlango wa karakana ulisukumwa na kiti kitupu. Nyuma yake alikuwa dobi wa mtaa wa pili, mikono imechakaa kwa sabuni na pasi, simu imefungwa kwenye kitambaa cha kiunoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kiti kitupu, mama yuko wapi?"

"Mama nimemwacha kitandani. Kiti nimekirudisha." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomchoma Chumvi zaidi. "Mama yangu ana miaka themanini na minne. Hawezi kukimbizana na mabasi."

"Ah, mwanangu. Ile ilikuwa hadithi tu."

"Mzee, imeandikwa. Namba ya kiti imeandikwa, na namba ni hii hapa." Akainama akaigusa kwenye fremu. Arobaini na moja. "Wateja wangu wote wamenionyesha. Mmoja ameniambia nikimkalisha mama humo tena nitakuwa nimemuua mwenyewe."

Fundi alikuja akaomba simu ya dobi. Alikisoma kile kisa amesimama, kofia ya chuma imeinuliwa juu ya paji, midomo ikifuata maneno. Alikuwa hajakisoma, yeye hakuwa mtu wa mtandao. Alipomaliza akairudia sehemu moja.

"Breki za nani zilikatika?"

"Kwa furaha, binti. Nimeandika kwa furaha."

"Miaka tisa," Fundi akasema. "Kila breki iliyotoka humu nimeifunga kwa mkono wangu, nikaikalia mimi mwenyewe kabla haijatoka. Hujaniletea mchango, sawa, sikudai. Lakini hata breki umeninyang'anya, Mzee." Akamrudishia dobi simu kwa adabu. "Ile barua nitaijibu Ijumaa. Hakuna haja ya kusubiri mwisho wa mwezi."

Chumvi alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Alimkuta mkewe ameshasoma yote.

"Nakifuta," akasema. "Nionyeshe pa kubonyeza."

"Ukifuta watasema umekimbia. Nusu yao wameshakipiga picha."

"Lakini walikiamini vipi? Kiti kinaombwa leseni. Mlangoni hata mtoto wa chekechea asingeamini, angecheka."

Mkewe akaweka sindano chini, akamshika kidevu kama anayempima kola, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. "Jicho lako hili liko wapi humo ndani?" Akaigonga simu kwa ukucha. "Humo kuna herufi tu. Wewe hujawahi kudanganya mtu, jicho linakusaliti kabla hujafika mbali. Hii ndiyo mara yako ya kwanza."

Chumvi akaichukua simu. Hasira ilikuwa imeisha, na chini yake ulikuwepo ule mwasho wa siku ya kwanza. Elfu kumi na moja walikuwa wamefungua mlango, na hakuna hata mmoja aliyeona nani amesimama nje.

Kuna kitu kimoja katika maisha yake alichokuwa akikifanya bila chumvi. Idara ya maji walikiita kusoma upya. Ukikosea mita ya mtu, hutumi barua wala hutumi mwenzako. Unarudi mwenyewe mlango ule ule, mchana, mwenye nyumba akiwa amesimama. Unaweka kidole juu ya kioo, unasoma tarakimu moja moja kwa sauti, naye anasoma nyuma yako. Kisha mnatia sahihi wote wawili. Huongezi neno, kwa kuwa fomu haina nafasi ya neno.

Jumatano asubuhi alimwendea Fundi akamwomba radhi, kisha akamweleza. Fundi alimsikiliza huku akipanga spana zake kwa ukubwa, na Chumvi aliona kwamba anazipanga ndani ya sanduku.

"Nitakaa mimi kwenye kiti," akasema. "Kwenye mteremko ule wa nyuma. Watu wataangalia moja kwa moja, kama wanapochungulia dirishani. Ukitoa spana moja tu kwenye hilo sanduku itanitosha."

"Husimulii."

"Sisimulii."

"Ukianza kisa, Mzee, ninafungua breki mwenyewe na wewe unateremka."

"Haki yako."

Alhamisi saa kumi alasiri walikuwa nyuma ya karakana, pale barabara ya wasukuma mikokoteni inaposhuka kwa pembe ya kutia watu jasho. Mkewe alishika simu. Mwenyekiti alisimama chini kabisa mwa mteremko amepanua mikono, kwa tahadhari. Dobi alikuja, na kwa kuwa mwenye nyumba lazima awepo, alimleta mama yake kwa teksi. Bibi aliketishwa kwenye benchi, fimbo magotini, akakiangalia kiti chake kama mtu anayemwangalia mkwe.

"Kiti namba arobaini na moja," Chumvi alisoma, kidole juu ya chapa. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa ukavu. "Kililetwa na ekseli iliyopinda. Ilinyooshwa. Breki mbili, kushoto na kulia. Nilichoandika Jumamosi ni uongo, na ni wangu peke yangu. Kiti hiki hakijawahi kukimbia. Sasa ninakaa."

Akakaa. Fundi akavuta breki ya kushoto, akavuta ya kulia, akarudi nyuma hatua tatu.

Kiti kikatulia.

Dakika ya kwanza walikuwa wakiangalia watu arobaini. Dakika ya tano walikuwa mia tisa. Mkewe aliwasomea yaliyokuwa yakiandikwa, kwa ile sauti ya kufundishia zipu.

"Wanauliza mbona hakiendi."

"Waambie hiyo ndiyo breki," Fundi akasema.

"Mmoja anasema ameangalia dakika kumi na mbili, hakuna kilichotokea, na hajui kwa nini hawezi kuondoka."

Nzi alitua kwenye pua ya Chumvi. Nzi yule peke yake alikuwa na kisa cha robo saa ndani yake. Kilimpanda Chumvi kooni, akakihisi kabisa, kimevaa na viatu. Fundi akainua kidole kimoja. Chumvi akakimeza.

"Huyu Nyuki Mstaarabu naye yuko," mkewe akasema. "Anasema muongeze uzito."

Fundi akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mchanga, akautua mapajani mwa Chumvi. Mzee akaguna. Kiti hakikuguna. Wakaongeza wa pili.

"Mwambie ajitingishe," Bibi akasema kutoka kwenye benchi. "Mimi huwa najitingisha."

Basi mzee wa miaka sitini na saba, amekumbatia mifuko miwili ya mchanga, akajitingisha mbele ya watu elfu tatu na mia moja. Tairi zilikwaruza vumbi, lakini kiti hakikuhama hata kwa upana wa kidole. Mtu aliandika kwamba anacheka peke yake ofisini na hajui anacheka nini. Mwingine akasema mama mkwe wake amesogea kuangalia. Kisha likaja swali ambalo mkewe alilisoma mara mbili.

"Wanauliza, zile fremu zinazoonekana nyuma, mlangoni, zinazoning'inia, ni za nini?"

Chumvi alivuta pumzi. Hapo ndipo mahali pa kisa. Ni hapo, katika milango mia mbili na kumi na miwili, alipokuwa akijikohoza na kuanza. Lakini Fundi alikuwa ameshasogea mbele ya simu, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Ni viti," akasema. "Kumi na tisa. Kila kimoja kina mtu wake anayekisubiri. Vimekosa magurudumu makubwa tu. Inchi ishirini na nne. Hata ya baiskeli yanafaa, ringi isiwe imepinda. Spoki zikikatika hakuna neno, spoki nafunga mimi." Akafikiri kama kuna zaidi, akaona hakuna. "Ni hivyo tu."

Akarudi pembeni. Hakujua kwamba ameomba. Chumvi alijua, na mifuko ya mchanga ikamzuia kumpigia makofi.

Dakika ya arobaini Bibi alichoka kuangalia. Aligonga chini kwa fimbo. "Imetosha. Shuka, kijana, hicho ni changu."

Chumvi alishushwa. Bibi akakalishwa, akajitingisha mwenyewe mara tatu kwa mujibu wa utaratibu wake, akasema kwa sauti, "Hakiendi." Na hiyo, kwa Chumvi, ilikuwa sahihi.

Ijumaa saa tatu asubuhi walikuta magurudumu mawili yameegemezwa mlangoni, hayana barua. Saa nne alikuja mlinzi wa moja ya yale maghorofa ya vitufe, amebeba manne, moja la kila ghorofa, akasema huko juu wamemwagiza. Alikuja mwanamke na baiskeli nzima ya mumewe, akaomba waondoe wanachotaka haraka kabla mwenyewe hajarudi. Fundi alizungusha kila gurudumu mbele ya jicho, akipima ringi. Mazuri yalikwenda kulia, yaliyopinda kushoto. Kufika mchana kulia kulikuwa na kumi na manne, kushoto tisa.

Mchangiaji wa mwisho wa asubuhi hiyo alikuwa bwana mwembamba mwenye miwani na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata. Alisimama mlangoni na gurudumu kila mkono.

"Hodi. Mimi ndiye Nyuki Mstaarabu."

Chumvi alimzunguka mzima, mbele na nyuma, kwa udadisi bila aibu. Alikuwa amemfikiria mnene. Alikuwa amemfikiria na mdomo mpana.

"Karibu," akasema. "Unafanya kazi gani?"

"Napima mizani za madukani. Kama kilo ni kilo."

"Nilipaswa kujua," Chumvi akasema. "Na maji, kwako yanatoka?"

"Nimekuja kuhakikisha kile kiti," Nyuki akasema. "Kwenye simu mtu anaweza kuweka jiwe nyuma ya tairi."

"Cha Bibi kiko kwa Bibi. Kipo hiki, kimepata magurudumu sasa hivi. Breki ni za mkono ule ule."

Wakatoka naye nyuma, akakaa kwenye mteremko mwenyewe, mifuko ya mchanga akaiomba kwa jina. Chumvi alimwacha huko akijitingisha, akarudi ndani. Fundi alikuwa ameinama kwenye sanduku la spana. Ilikuwa Ijumaa, na hakuna aliyekuwa amelisahau hilo.

"Barua umeijibu?" Chumvi akauliza. Aliuliza taratibu, bila hata punje ya chumvi.

"Nimeijibu asubuhi."

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia nusu siku. Asubuhi mageti, mchana hapa." Akatoa spana namba kumi na saba, akaitundika ukutani. "Wamesema watafikiri mpaka Jumatatu. Huenda wakakataa."

"Na wakikataa?"

"Basi nitakuwa hapa asubuhi pia, na wewe utakuwa na kazi ya kunitafutia mshahara kwa hao watu wako wa simuni." Akatundika namba kumi na tisa. "Viti saba vinaweza kutoka ndani ya wiki moja. Na kila kimoja kitasomwa pale nyuma kabla hakijatoka, watu wakiangalia. Nimeshamwambia mkeo, simu atashika yeye."

"Nani atakaa?"

Fundi akausogeza mfuko wa mchanga kwa mguu mpaka mbele ya Chumvi.

"Hata neno moja la utangulizi?" Chumvi akauliza. "Dogo tu. La kuwachangamsha."

"Namba," Fundi akasema. "Anza na namba."